Makapi Kwenye Soksi

Tangu asubuhi Shangazi alikuwa hakaliki. Anaketi, anainuka, anasimama dirishani, anarudi mezani, chai aliyoletewa ilikuwa imeshapoa na kufanya utando juu, naye hajaionja. Mbele yake, ndani ya mfuko wa nailoni wenye lebo ya kituo cha polisi, zilikuwa soksi mbili za kijivu za mtu aliyekwisha kuzikwa. Zilijaa vimbegu vyembamba vyenye manyoya marefu, vimejichoma kwenye uzi kama sindano za fundi cherehani. Kila alipozitazama aliona kama zinamcheka.

Wala hakuwa shangazi wa mtu pale kituoni. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa namna anavyohoji watu. Hapigi meza, hapandishi sauti. Anaingia kama shangazi aliyekuja kusalimia: hamjambo, mmekula nini, nani kapika, na kile chumba mbona mmekifunga? Ukija kushtuka, umeshamwambia hata usiyoulizwa.

Kesi yenyewe, kichwani mwa mkuu wa kituo, ilikuwa imeshakwisha. Askari wa hifadhi aliokotwa amekufa chini ya ukingo wa mawe nje ya mji, kisogo kimepasuka. Juu ya ukingo ndiko alikokuwa akilinda, na chini yake ndiko wanakofanya kazi waponda kokoto. Mmoja wao, kijana asiyejua kuuzuia mdomo wake, aliwahi kumwambia mbele za watu, "Siku moja utaanguka huko juu, na mimi sikuokoti!" Basi, maneno hayo yakatosha. Kijana akakamatwa, na saa nane mchana huu alitakiwa kusimama kizimbani kwa kosa la kuua, kosa lisilo na dhamana. Akishasomewa shitaka hilo ataingia mahabusu, na kutoka kwake hakuna ajuaye lini. Mama yake alikuwa kwenye benchi la nje tangu alfajiri, mkoba mapajani, hasemi na mtu. Na aliyemtia kijana pingu, kwa amri ya mkuu, alikuwa Shangazi mwenyewe. Jambo hilo lilimkera kupita kiasi.

"Bado unazikodolea macho hizo soksi?" Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Viatu vyake, mkuu. Ule ukingo wote ni vumbi jeupe. Ukipanda dakika mbili tu unashuka kama mtu wa kinu cha unga. Viatu vya marehemu ni safi."

"Alivipangusa."

"Akiwa hai au akiwa maiti?"

"Inspekta, usinichokoze. Marehemu kazi yake ilikuwa kulinda nyasi zisichimbwe, si ndiyo? Na hizo mbegu ni za nyasi hizohizo, na nyasi hizo asili yake ni huko ukingoni. Umeniletea mwenyewe jibu la yule profesa wa mimea. Mlinzi wa nyasi amekutwa na nyasi. Wewe ulitaka akutwe na nini, magamba ya samaki?"

Shangazi aliuchukua mfuko, akachukua na kofia.

"Saa nane!" mkuu alimpigia kelele akiwa tayari yuko kwenye ngazi. "Gari halimsubiri mtu!"

Kwenye benchi la nje yule mama aliinua uso. Shangazi alimwamkia tu, akapita, na ndani ya gari alimwambia Dereva aache kusikiliza mpira aondoe gari.

*

Profesa alikuwa mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na chumba chake kilinuka karatasi kuukuu na dawa ya wadudu. Kuta zote zilikuwa makabati, na ndani ya makabati majani makavu yamebandikwa kwenye karatasi, kila jani na mahali lilipochumwa. Alipomwona Shangazi aliguna.

"Nilishakujibu, afande. Usinga-mwamba. Hauna mwenzake kwa uzuri, ndiyo maana watu wanautamani kwenye bustani. Asili yake ni ule ukingo peke yake. Kaskazini unakomea udongo mwekundu unapoanza, kusini unakomea kwenye lile korongo. Ukivuka hapo, hupati hata unyasi mmoja uliojiotea."

"Hayo nimeyasoma, nimeyashika. Mimi leo sikuulizi nyasi inaota wapi. Nakuuliza hizi, hizi zilizomo humu ndani, zimetoka wapi."

"Kwani kuna tofauti?"

"Ndicho ninachotaka uniambie, maana usingizi sina."

Profesa akavuta kiti kwa shingo upande. Kwa kibano alichomoa mbegu moja kwenye soksi, akaiweka chini ya kioo cha kukuzia, akaibonyeza kwa ncha ya sindano. Akachomoa ya pili. Ya tatu. Ya nne akaibonyeza kwa ukucha kabisa. Alipofika kwenye soksi ya pili alikuwa ameacha kuguna.

"Huyu mtu alikufa lini?"

"Wiki iliyopita. Sema basi!"

Badala ya kusema alikwenda kwenye kabati, akarudi na karatasi kadhaa za majani makavu. Aling'oa mbegu kutoka kwenye moja, akaibonyeza mbele ya macho ya Shangazi. Ikapasuka, na ndani mkatoka kipunje cha kahawia, kidogo kuliko cha ulezi.

"Hii nilichuma mwenyewe kule ukingoni, msimu kama huu. Ina punje. Hii nyingine, mwaka mwingine, ina punje. Sasa tazama za kwako." Akabonyeza moja ya kwenye soksi. Ikalala bapa, tupu. "Makapi. Zote ni makapi matupu, afande. Nje manyoya na mapambo, ndani hakuna kitu."

"Ugonjwa? Jua?"

"Upweke," Profesa alisema, na kwa mara ya kwanza alionekana kuifurahia kazi. "Usinga-mwamba hauwezi kujizalisha peke yake. Chavua ya shina moja haishiki kwenye shina hilohilo. Lazima ipate ya shina jingine, la damu nyingine. Ni kama sisi tu, mtu haoi dada yake. Kule ukingoni mashina ni ya koo mbalimbali, upepo unayaozesha, mbegu zinajaa. Lakini ukichukua shina moja ukalipasua mawili, mawili ukayapasua manne, ukapanda bustani nzima, umepanda nini?"

"Mtu mmoja."

"Mtu mmoja, amejipanga safu! Atachanua, atapendeza, atatoa masuke yenye manyoya. Mbegu hapati."

Shangazi alikuwa tayari amesimama. "Kwa hiyo soksi hizi hazikupita ukingoni. Zimepita kwenye bustani ya mtu. Profesa, mbona hukuniambia juzi?"

"Juzi uliniuliza ni nyasi gani na asili yake wapi. Nikakujibu ni nyasi gani na asili yake wapi."

Hapo Shangazi alitamani kumtukana, lakini matusi yenyewe yangemhusu na yeye. "Nani mjini hapa anaipanda?"

"Aliyepewa idhini ni mmoja. Anaitwa Bwana Bustani, ana kitalu barabara ya kwenda machimboni. Nilimpa mimi mwenyewe lile shina, moja tu. Nyasi zote za namna hii unazoziona mjini ni wajukuu wa shina lile."

Shangazi alisimama mlangoni akiwa ameshika kitasa. Bwana Bustani alimjua. Nani asingemjua? Ndiye aliyekuja kuitambua maiti. Alilia pale chumba cha maiti mpaka akashikwa mabegani, maana marehemu alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe. Na kwenye maelezo yake alisema shemeji yake hajakanyaga kwake tangu mwezi uliopita.

*

"Twende kitaluni moja kwa moja," Dereva alishauri. Alikuwa askari wa makamo, mwenye tumbo na maoni. "Tunamkamata, tunakula mchana."

"Na wakili wake akiuliza kama marehemu hakupita bustani nyingine yoyote, utajibu wewe? Geuza. Ukumbi wa mikutano."

Mbele ya ukumbi, njia nzima ya wageni ilikuwa imepambwa kwa usinga-mwamba. Mashina yalijaa vizuri, majani ya kijivu yamelala kuelekea upande mmoja. Shangazi alitembea kwa haraka kutoka mwanzo mpaka mwisho, suruali ikigusa majani, kisha akainama kutazama soksi zake. Hakuna kilichonasa. Mwanamke mmoja aliyevaa aproni ya plastiki alikuwa akipita na mkasi mkubwa.

"Dada, habari za kazi. Mbona hazina masuke?"

"Nzuri, afande. Masuke? Hapa suke halizeeki. Likichomoza tu, mkasi. Wageni walikuwa wanalalamika, zinawanasa kwenye pindo za suruali, kina mama kwenye soksi ndefu, mpaka mwingine akataka kushitaki."

"Kila bustani wanakata?"

"Kila mteja wa Bwana Bustani. Ndiyo masharti yake, na anapita mwenyewe kukagua. Akikuta suke limekomaa anakugombeza kama umemuulia ng'ombe."

"Na kwake kitaluni?"

"Kwake anaacha. Mteja akija lazima aone zinavyopepea, la sivyo atanunua nini?" Alicheka, kisha akaona Shangazi hacheki. "Kuna tatizo, afande?"

"Lipo," Shangazi alisema. "Asante, dada."

Alirudi garini nusu akikimbia. Saa ya kwenye dashibodi ilikuwa mbovu, na ya Dereva ilikuwa mbele kwa makusudi, ili awahi kula. Ya simu ya Shangazi ilisema saa saba imeshapita.

*

Kitalu kilikuwa kizuri, lazima mtu aseme kweli. Miche imepangwa kwenye makopo kwa kimo, mabomba yametandazwa bila kuvuja, na kuanzia getini mpaka barazani safu mbili za usinga-mwamba zilikuwa zimechanua, masuke yamefika kifuani kwa mtu na mengine kuinamia njiani mpaka miguuni, yanayumba kwa upepo mdogo kabisa. Kando ya kila safu kulikuwa na mawe ya duara yaliyopakwa chokaa. Shangazi alipita katikati taratibu, mara hii. Alipofika barazani soksi zake zilikuwa zimejaa manyoya. Na njiani alikuwa ameshaona kwamba mawe yote chokaa yake imefifia na kupigwa matope ya mvua, isipokuwa moja, karibu na ngazi, jeupe pepepe.

"Karibu, dada yangu, karibu." Bwana Bustani alitoka akifuta mikono, mtu mpana, mwenye kucha za udongo na macho yaliyovimba kwa msiba. "Mama! Leta maji ya wageni. Mmekuja kutuambia habari za yule muuaji? Leo si ndiyo anapelekwa?"

"Leo ndiyo. Poleni tena, Bwana Bustani."

"Tumeshapoa. Mungu ametaka."

Mkewe alileta maji kwenye trei, nguo nyeusi, kichwa kimefungwa. Alimpa Shangazi, akampa Dereva, kisha akabaki amesimama pembeni, maana habari za kaka yake hakutaka asimuliwe na mtu mwingine. Shangazi alikunywa yote, akashukuru, akasifia miche, akauliza mbolea, akauliza kama maji ya bomba yanatosha kiangazi. Dereva alianza kupiga miayo. Ndipo akasema, kwa sauti ileile ya mbolea:

"Kuna maneno mjini, lakini. Mimi siyaamini. Ati hizi nyasi zako nzuri unazichimba ukingoni usiku."

Bwana Bustani alisimama wima. "Nani? Nani kasema?"

"Watu tu. Kule ukingoni kuna mashimo, mashina yameng'olewa. Na wewe ndiye unayeuza."

"Mwizi? Mimi? Dada, mimi nilipewa shina moja na Profesa, kwa karatasi, kwa muhuri! Moja! Nimelipasua kwa mikono hii, nimelilea, nimelipasua tena. Kuna watu wanachimba kule, ndiyo, wanauza kwa wapitaji barabarani na zinakufa baada ya wiki. Mimi sijagusa hata unyasi wa ukingoni! Mimi!"

"Nakuamini. Lakini mtu atajuaje? Nyasi ni nyasi."

"Atajuaje?" Alishuka ngazi, mishipa ya shingo imesimama, akakamata suke moja lililokomaa na kulikwangua kwa kiganja mpaka mkono ukajaa manyoya. "Njoo uone atajuaje. Njoo na wewe, baba, uone!" Akasugua viganja kwa nguvu, akavifungua mbele ya uso wa Shangazi, akapuliza. Vyote vikapeperuka. Kiganja kikabaki kitupu. "Umeona punje? Hakuna! Hakuna hata moja! Kwa sababu zote ni shina moja. Ningekuwa nimeleta hata shina moja jingine kutoka ukingoni, zingeshikana, hapa ungeona punje. Za ukingoni zina punje. Zangu hazina. Zenye makapi matupu ni zangu mimi peke yangu, mji huu mzima. Huo ndio ushahidi, dada. Nenda kawaambie!"

Alikuwa anahema. Shangazi alifungua mkoba wake, akatoa ule mfuko wa nailoni na kumnyooshea.

"Basi nifanyie na hizi."

Bwana Bustani alizipokea kabla ya kuzitazama. Alipozitazama, mkono ulisimama hewani. Soksi za kijivu, lebo ya kituo.

"Zimeshabonyezwa," Shangazi alisema. "Usipate tabu. Dereva, nenda ukasimame karibu na lile jiwe jeupe pale kwenye ngazi. Mtu asiliguse mpaka wataalamu waje waligeuze."

Dereva aliacha kupiga miayo. Alikwenda, akasimama.

Kisha Bwana Bustani aliketi palepale kwenye ngazi, mfuko magotini, na sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo kuliko mwili wake.

"Aliniita mwizi. Shemeji yangu mwenyewe, ninayekula naye, amesimama hapo ulipo wewe, ananiambia ameyaona mashimo, anajua ni mimi, kesho anakuja na wenzake wang'oe zote. Nikamwonyesha. Nikampulizia kiganjani kama nilivyokupulizia wewe. Anacheka! Anasema nimemfanyia mazingaombwe. Nikamsukuma. Nilimsukuma tu, dada, na nyuma kulikuwa na jiwe."

"Hukumwita daktari."

"Alikuwa ameshakufa."

"Ukampakia."

"Pikapu yangu inapita kule kila siku kuchukua kokoto. Nani angeishangaa?"

"Na yule kijana?"

Bwana Bustani alikuwa anachomoa manyoya kwenye pindo la suruali yake, moja moja. "Andika kwamba sikuiba," alisema mwishowe. "Hayo mengine andika unavyotaka. Lakini andika kwanza kwamba nyasi sikuiba."

"Nitaandika," Shangazi alisema. "Hukuiba."

Simu alikuwa nayo sikioni tayari. Iliita, iliita, ikapokelewa. "Mkuu, gari limeondoka?"

"Linawashwa. Uko wapi wewe?"

"Mshushe yule kijana."

"Nini? Kwa sababu gani?"

"Kwa sababu ya nyasi, mkuu. Na jiwe lenye chokaa mpya, na mtu aliyekaa mbele yangu anasema mwenyewe. Mshushe, na leta watu wa vipimo kitaluni kwa Bwana Bustani. Na pale benchi la nje kuna mama, mwambie. Usimtume mtu, mwambie wewe."

Upande wa pili, mbali na simu, ikasikika sauti ya mkuu ikimpigia mtu kelele azime gari. Shangazi akaegemea nguzo ya baraza. Alikuwa na furaha ya kweli, kwa muda ambao furaha hiyo iliruhusiwa kudumu.

Maana mke wa Bwana Bustani alikuwa ameiweka trei chini. Hakulia. Alishuka ngazi mpaka alipokuwa mumewe, akasimama mbele yake, kivuli chake kikamwangukia usoni.

"Alikuja hapa," alisema. "Nilikuwa kwa mtoto, nikakupigia, nikakuuliza kaka amepita? Ukasema hajapita."

"Mama watoto..."

"Jeneza ulilikamata wewe, mbele kabisa. Watu wanataka kukupokea, unawakatalia. Unasema mwacheni, huyu ni wangu, nambeba mwenyewe." Alimtazama mikono. "Nami nikajiambia, Mungu wangu, mume wangu alimpenda kaka yangu hivi? Kumbe ulikuwa umeshambeba."